Dar es Salaam kwa Miguu, Kabla Jua Halijawa Kali

Wageni wengi hulala Dar es Salaam usiku mmoja tu wakisubiri boti ya Zanzibar, kisha huondoka wakisema kwamba jiji hili halina cha kutazama zaidi ya foleni. Siafikiani nao, kwa kuwa sehemu kubwa ya vivutio vya katikati ya jiji imekaribiana kiasi kwamba asubuhi moja inatosha kuizungukia kwa miguu, mradi mtu awe radhi kuamka mapema.

Aanzie Soko la Samaki la Feri, karibu na kivuko cha Kigamboni. Alfajiri mnada huwa umepamba moto: dalali anapandisha bei kwa sauti ya kukwaruza, na wanunuzi waliozunguka fungu la changu au kolekole hukubali kwa ishara ndogo ya kichwa ambayo mgeni hawezi kuing'amua. Sakafu imelowa, hivyo viatu vya kitambaa viachwe hotelini, na kamera isielekezwe usoni mwa mtu kabla ya kumwomba ruhusa.

Kutoka hapo si mbali kufika Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, mahali ambapo mimi ningekaa muda mrefu kuliko pengine popote. Makumbusho hayo ndiyo yanayotunza fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililogunduliwa na mwanaakiolojia Mary Leakey huko Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1959, na ambalo umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.75. Yamo pia magari aliyotumia Mwalimu Nyerere, nayo, kwa maoni yangu, huwavuta watoto kuliko fuvu lenyewe.

Barabara ya Samora itamfikisha kwenye Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wenyeji hupita hapo kila siku bila kuinua macho. Akishuka kuelekea baharini atayakuta makanisa mawili ya enzi ya Wajerumani, Azania Front na Mtakatifu Yosefu.

Mwenye mchana wa ziada apande daladala hadi Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, akaone nyumba za asili za makabila mbalimbali. Pwani ya Coco inaweza kungoja jioni.