Hisabati ikikushinda, rudi ulipoiachia

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayepata 14 kila mtihani wa hisabati huambiwa mambo mawili: aongeze bidii, na atafutiwe tuisheni. Tuisheni nyingi, Arusha hata Moshi, huanzia pale darasa lilipofika: logi, milinganyo ya kipeo cha pili. Yeye alipotelea darasa la tano, kwenye hesabu za sehemu. Bidii inaongezeka, maksi hazisogei, na hamu inakufa. Hamu ya somo hili haiji kwa kuhubiriwa. Huja pale hesabu iliyokuwa inakugomea inapokubali, tena kwa mkono wako mwenyewe.

Kwa hiyo kwanza tafuta shimo liko wapi. Chukua karatasi, weka simu mbali, ujipe dakika 15: 3/4 + 2/5; 0.6 × 0.05; −7 − (−3); 12 − 5 + 2; 15% ya 8,000; na thamani ya x kama 3x − 4 = 11. Majibu ni 23/20, 0.03, −4, 9, 1,200 na 5. Usihesabu umepata ngapi. Angalia umekosa nini na umekosaje, kwa sababu jibu baya lina habari nyingi kuliko jibu zuri.

Aliyeandika 5/9 kwenye swali la kwanza amejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu) na asili kwa asili (namba za chini). Kabla ya kumpa kanuni, mwulize: 5/9 ni kubwa au ndogo kuliko 3/4? Ni ndogo. Umeongeza kitu, kikapungua? Akishaliona hilo, kutafuta asili ya pamoja, yaani 20, kunakuwa na maana: 15/20 na 8/20 ni vipande vya ukubwa mmoja, ndiyo maana vinajumlishika.

Aliyepata 5 kwenye 12 − 5 + 2 ameponzwa na MAGAZIJUTO. Tunaifundisha kama wimbo: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mtoto akiifuata neno kwa neno anajumlisha 5 na 2 kwanza, kisha anatoa 7 kwenye 12. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja. Kinachokuja kwanza kutoka kushoto ndicho kinachofanywa kwanza. Kugawanya na kuzidisha ni vivyo hivyo, ila huko kuanza na kugawanya hakuharibu jibu, kwa hiyo kosa halionekani. Kwenye JU na TO linaonekana, na linamfuata mwanafunzi hadi kwenye aljebra. Ningependa kila darasa la tano lisikie hili wiki ileile linapofundishwa MAGAZIJUTO.

Namba hasi zinaeleweka upesi ukizipandisha mlimani. Moshi mjini iko takribani mita 900 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Uhuru mita 5,895. Tofauti ni karibu mita 5,000. Joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo mjini kukiwa na nyuzi 24, kileleni tunatarajia 24 − 30, yaani −6. Kutoa namba hasi ni kupunguza baridi: ukiwa na nyuzi −7 na ukaondoa nyuzi 3 za baridi, unapanda hadi −4.

Asilimia zina mtego mmoja unaorudi kila mwaka. Shati la mtumba limenunuliwa 4,000, limeuzwa 5,000. Faida ni 1,000, na asilimia yake hupigwa kwenye bei ya kununulia: 25%. Anayegawanya kwa 5,000 anapata 20%, na ukimwambia tu "umekosea" atarudia kesho. Mwulize fedha iliyotoka mfukoni ilikuwa shilingi ngapi.

Kuna shimo jingine ambalo si la hesabu kabisa. Aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anakutana na asili ikiitwa "denominator", na swali linamwambia "hence" bila yeye kujua kwamba anatakiwa atumie jibu alilopata kwenye kipengele kilichotangulia. "At least 5" ni 5 au zaidi. "At most 5" ni 5 au pungufu. Ukivigeuza hivyo viwili, swali zima la programu mstari ("linear programming") limekwenda, hata kama grafu yako imenyooka. Tenga kurasa za mwisho za daftari, andika neno, maana yake, na mfano mmoja wa namba.

Mazoezi yenyewe: dakika 40 kila siku zinashinda saa 4 za Jumamosi. Maswali matano yanatosha: mawili ya mada ya leo, mawili ya wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Usisome mfano uliokokotolewa kama unavyosoma historia. Ufunike kwa karatasi, andika mstari unaofuata mwenyewe, kisha shusha karatasi ulinganishe. Ukisoma tu, kila mstari unaonekana rahisi, na ndiyo sababu wengi hutoka darasani wakisema "nimeelewa" halafu nyumbani kalamu haisogei.

Ukikwama, jipe dakika 10. Chora, au badilisha namba kubwa ziwe ndogo. Unashuku kama (a + b)² ni a² + b²? Weka 3 na 4: 7² ni 49, lakini 9 + 16 ni 25. Umejijibu. Ikigoma bado, nenda kwa mwalimu na karatasi yako: "Shikamoo mwalimu, nimefika mstari wa tatu, sielewi kwa nini alama imebadilika." Swali la namna hiyo hujibiwa kwa dakika mbili. "Sielewi logi" halijibiki.

Maswali uliyokosa yawe na daftari lake. Andika swali, kosa na sababu ya kosa. Lifanye tena baada ya siku mbili bila kuchungulia, kisha baada ya wiki. Mzazi ambaye hakusoma hisabati anaweza kusaidia hapa: badala ya kuuliza "umepata ngapi?", aombe kuonyeshwa daftari hilo na aelezwe kosa moja.

Mtihani wa hisabati wa kidato cha nne una maswali 14, yote ya lazima, kwa saa 3: 10 ya alama 6 (sehemu A) na 4 ya alama 10 (sehemu B). D, daraja la chini kabisa la kufaulu, huanzia alama 30. Mwenye 18 anahitaji 12, sawa na maswali mawili ya sehemu A. Anzia kwenye seti na takwimu, maana hazidai aljebra nzito. Kikokotoo hakiruhusiwi, kwa hiyo kuanzia leo gawanya kwa mkono na uzoee kusoma jedwali la hisabati. Na usiache njia kichwani: hata jibu la mwisho likikosewa, hatua sahihi zilizoandikwa zina alama zake.