Siku moja katika chumba cha kupima usikivu

Saa 1:15 asubuhi. Mwendokasi imenishusha nikiwa na mkunjo mpya kwenye shati. Kazi yangu ni kupima usikivu katika hospitali moja hapa Dar es Salaam, na kila asubuhi anayepimwa wa kwanza ni mimi mwenyewe. Navaa hedifoni, nafunga ule mlango mzito wa chumba cha kimya, napitisha sauti kuanzia nene ya hezi 250 hadi nyembamba ya hezi 8,000, sikio moja baada ya jingine. Masikio yangu nayajua. Majibu yakitofautiana na ya jana, naanza kukagua waya.

Sauti hafifu kabisa ninayoisikia humu ndani husogeza vinywele vya seli za koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio iliyojikunja kama konokono, kwa umbali usiofika hata nanomita moja. Kila seli ina kishungi cha vinywele kilichopangwa kwa ngazi, vifupi mbele na virefu nyuma, na ncha ya kila kifupi imeungwa kwa uzi wa protini na ubavu wa kirefu kinachofuata. Kishungi kikiegemea upande wa virefu, uzi unakazika na kuvuta chaneli ya ioni, kijilango cha kupitishia chembe zenye chaji, mpaka ifunguke, yote hayo katika makumi ya mikrosekunde. Hadi hapo ni mvuto mtupu, hakuna kemikali ya kupeleka ujumbe. Jicho haliwezi kasi hiyo. Huko mwanga hupita kwanza kwenye mlolongo wa protini na vimeng'enya, kisha, ajabu yake, hufunga chaneli badala ya kuzifungua. Gizani ndipo zinapokaa wazi.

Saa 2:30. Wodi ya watoto wachanga. Hapa saa ya ukutani haina kazi, nafuata ratiba ya kunyonya. Mtoto aliyeshiba na kulala ndiye ninayemtaka.

"Usimwamshe, mama. Mwache hivyo hivyo."

Naweka kizibo laini sikioni. Mashine inatoa sauti ndogo za kukatika, kisha inasikiliza. Inachosikiliza ni sauti inayotoka ndani ya sikio. Seli za vinywele ni za aina mbili, za ndani na za nje. Za nje ni kama 12,000, na kila umeme unapobadilika ndani yake, protini iitwayo prestini hujikunja na kujinyoosha, seli nzima ikafupika na kurefuka. Mtikisiko huo hukuza sauti kwa ajili ya seli za ndani, zinazopeleka habari kwenye ubongo, na kiasi chake kidogo hurudi nje hadi kwenye kizibo changu. Mwanafizikia David Kemp ndiye aliyeunasa mwaka 1978 huko London, na mwanzoni wengi walimtilia shaka.

"Kwa hiyo sikio linaongea?" mama mmoja ananiuliza.

"Linaongea, mama, ila kwa kunong'ona."

Wa siku moja wakishindwa sishtuki. Mara nyingi ni majimaji ya uzazi yaliyobaki kwenye tundu la sikio, nao nawapima tena baadaye. Wanaonitia hofu zaidi ni waliotoka chumba cha uangalizi maalumu wakiwa wamechomwa jentamaisini kwa sababu ya maambukizi ya damu.

Ili kuelewa hofu yangu, fikiria tangi la maji juu ya paa. Pampu imeshapandisha maji, hivyo bomba la jikoni likifunguliwa yanashuka yenyewe. Ndivyo koklea ilivyo. Kimiminika kinachozunguka vinywele kimejaa potasiamu na kina umeme wa takriban milivolti 80 chanya, wakati ndani ya seli ni hasi. Chaneli ikifunguka, potasiamu inaporomoka kuingia, na seli yenyewe haigharimii chochote. Umeme wa ndani ukipanda, chaneli nyingine zilizo chini ya seli hufunguka na kuingiza kalsiamu, nayo inasukuma glutamati, kemikali ya kupeleka ujumbe, itoke na kuamsha neva ya usikivu. Potasiamu hutokea chini, kwenye kimiminika chenye potasiamu chache, na kazi inaendelea. Pampu ni tishu ya ukutani mwa koklea, mbali kidogo na seli zenyewe.

Jentamaisini ina chaji chanya. Inapita kwenye chaneli ileile ya vinywele, inavutwa na umeme uleule, na ikishaingia haitoki kirahisi. Seli hufa, zikianza zile za sauti nyembamba. Mtoto akipewa pia furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini, pampu nayo inadhoofika na hatari inaongezeka.

Sisemi jentamaisini iachwe. Mtoto mwenye maambukizi ya damu asipotibiwa hatafika kwangu kabisa, na dawa hii ni kati ya zile zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa hali hiyo. Ninachoomba ni kitu cha kalamu tu: kadi ya kuruhusiwa iandikwe alichomwa siku ngapi. Nikiona kadi tupu, nabaki kumuuliza mama, naye alikuwa hoi kitandani, atakumbuka nini?

Saa 4:40. Fundi wa kuchomelea mageti, kijana. Anasema masikio yanapiga mluzi usiku, anataka yasafishwe. Namulika kwa tochi: ni safi, ngoma ya sikio inang'aa. Kwenye chati, mstari unakwenda vizuri halafu unatumbukia kwenye hezi 4,000 na kupanda tena. Shimo hilo ni saini ya kelele.

"Unaziba na nini ukikata chuma?"

"Pamba."

Pamba haizuii chochote cha maana. Grenda hufika desibeli 100, na kwa kipimo kinachotumika sana cha afya kazini, kiwango hicho ni cha dakika 15 kwa siku, basi. Mshindo mkubwa hukata zile nyuzi za protini. Zikiwa nyuzi peke yake huungika tena, na hiyo ni sababu mojawapo ya usikivu kurudi baada ya usiku wa muziki. Seli ikifa ndiyo imekwenda. Namwambia kuku akipoteza seli hizi huotesha nyingine, sisi hatuoteshi.

"Kumbe bora kuku," anasema, kisha anauliza bei ya vizibo. Hapo moyo wangu unatulia.

Saa 7:00 mchana. Wali maharage na pilipili mbuzi. Ulimi unawaka ingawa hakuna moto, kwa sababu kapsaisini, kemikali ya ukali wa pilipili, hufungua chaneli iitwayo TRPV1, ileile inayofunguliwa na joto la kuzidi nyuzi 43 hivi. Mwanasayansi David Julius na wenzake waliitambua mwaka 1997, na mwaka 2021 akagawana tuzo ya Nobel na Ardem Patapoutian, aliyegundua chaneli za mguso. Mtindi hutuliza kuliko maji. Leo mama ntilie hana mtindi.

Saa 8:15. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba inazunguka nikigeuka kitandani."

Ameambiwa ni presha, kisha malaria. Namlaza haraka kichwa kikiwa pembeni, macho yanaanza kucheza, na hapo nimeshapata jibu: vipunje vya kalsiamu kabonati vimeponyoka na kuingia kwenye mfereji wa mizani ya mwili, humo humo ndani ya sikio. Vinasukuma kimiminika, kimiminika kinalaza vinywele, chaneli zinafunguka, ubongo unaambiwa kichwa kinazunguka. Seli hazidanganyi, zimesukumwa kweli. Namgeuza hatua kwa hatua kwa mbinu ya Epley, vipunje vinarudi kwao. Anakaa, anatikisa kichwa kwa woga, anauliza dawa iko wapi. Hakuna dawa, bibi.

Saa 9:30. Barua ya rufaa ya mtoto asiyesikia tangu kuzaliwa, kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambako upandikizaji wa vifaa vya koklea ulianza mwaka 2017. Kifaa hicho huziruka chaneli zote nilizozieleza na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye neva. Mama anataka kujua kama mwanawe atasikia kama sisi. Namjibu bila kupamba: seli za ndani ni kama 3,500 kwa sikio, elektrodi za kifaa ni kati ya 12 na 22. Ubongo utalazimika kujifunza, na utahitaji mazoezi ya miaka. Kwa sasa aendelee kumvisha vile vifaa vya masikioni vya kukuza sauti kila siku, hata kama anaona vinasaidia kidogo, na aje na betri za akiba siku ya miadi.