Karabai Tatu na Mwezi

Mwaka 2011 nilipanga chumba kimoja Kirumba, Mwanza, huko juu mawemawe, dirisha likitazama ziwa. Giza likishaingia, taa za wavuvi wa dagaa zilijipanga majini utadhani ng'ambo kuna mji mwingine. Nikasema hizi lazima nizichore.

Nilikuwa na tyubu saba za rangi ya mafuta, zile za wachoraji, nilizoletewa na rafiki kutoka Nairobi. Lakini kwetu ukisema rangi ya mafuta, watu wanaelewa ile ya kopo, ya milango na madirisha. Mjomba wangu, aliyechora Tingatinga miaka yote ninayomjua, hakuwa na habari na nyingine. Si ajabu, maana Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza hivyo, rangi ya kopo juu ya hadibodi, kule Oysterbay, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960.

Nilimpigia simu kuomba ushauri. "Mjomba," akaniambia, "usiku hauchorwi. Paka nyeusi kwanza, iache ikauke, halafu weka mwanga peke yake."

Kuhusu usiku alisema kweli. Kuhusu kopo alinipoteza. Nilinunua nyeusi ya kung'aa, nikaipaka kwenye marekani niliyoiwamba juu ya fremu ya mbao. Ilikauka ikawa kama kioo. Rangi ya tyubu ikateleza juu yake kama maji kwenye jani la gimbi, na hata ile iliyoshika, baada ya wiki niliibandua kwa ukucha. Nguo ya pili nikaipaka rangi ya maji, nyeusi isiyong'aa, mara mbili, katikati nikapitisha msasa mwepesi. Hiyo ilikubali.

Basi nikaanza kushangazwa. Penseli haikuonekana kabisa, nikachorea chaki ya shule. Bluu yangu ya altramarini, niliyoringa nayo kwenye karatasi nyeupe, ilipotea kana kwamba sijapaka kitu. Ile ni rangi inayopitisha mwanga: mwanga huipenya, hugonga kilicho chini na kurudi. Chini kukiwa na cheusi, hakirudi kitu. Ilibidi niichanganye na nyeupe ndipo ikatokeza, tena ikiwa imepoa, si ile niliyoipenda. Njano ya kadimiamu ndiyo iliyosimama yenyewe. Bonge moja dogo la njano, nyeupe kidogo katikati, na karabai ikawaka. Nilicheka peke yangu chumbani.

Niliwasha tatu. Kisha, kwa utamu wa nyeupe, nikaongeza mwezi mkubwa mviringo juu ya ziwa.

Jirani yangu, mzee aliyevua dagaa tangu ujana, alipita kuomba kiberiti. Aliitazama picha muda mrefu, mikono nyuma.

"Hawa wamekwenda kufanya nini?"

"Kuvua dagaa, mzee."

"Na mwezi huo?" Akacheka hadi akakaa kitandani. "Mwanangu, sisi tunavua giza. Mwezi ukiwa hivyo tupo nyumbani tunashona nyavu. Ziwa zima likiwa jeupe, dagaa afuate taa yangu ana shida gani?"

Miezi yote ile nilikuwa nimeziona taa zikitoweka siku kadhaa kila mwezi, nikadhani ni upepo.

Niliufuta mwezi kwa kitambaa na tapentaini. Nyeupe ikaingia kwenye nyuzi, pakabaki kivuli cha kijivu. Nikakifunika kwa nyeusi ya tyubu, ambayo nadhani ndiyo rangi mvivu kuliko zote kukauka. Wiki ya pili bado ilikuwa inanata. Ubaya zaidi, ilikuwa na mafuta, iking'aa, na nyeusi ya chini haikung'aa. Ukisimama mbele huoni kitu. Ukisogea upande, mwanga wa dirishani ukipiga, duara lote hilo hapo, jeusi juu ya jeusi.

Mzee aliporudi alisogea upande.

"Naona haujatua."

Nikamwambia nitachora nyingine. Akakataa. Aliichukua hiyohiyo kwa sado mbili za dagaa, nikimsihi asiguse pale juu, na nilipokwenda kumtembelea nikaikuta ameitundika ukuta uleule wenye dirisha, mahali ambapo mwanga hauwezi kuipiga kwa ubavu.