Andika Kabla ya Kuuliza: Mwaka Wangu wa Ubingwa Bobezi katika Patholojia ya Damu

Juma la kwanza la mafunzo, Profesa aliweka slaidi ya uboho chini ya darubini ya vichwa vitano akaniambia niongoze. Nikaanza kueleza kama nilivyozoea miaka yote ya uzamili: seli ni nyingi, mafuta yamepungua, chembe nyekundu zinakomaa vibaya, blasti, yaani seli changa za damu, zimeongezeka. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akauliza, "Umeniambia unachokiona, Daktari. Sasa mgonjwa anaumwa nini?" Nikajibu kwamba inaweza kuwa hiki, inaweza pia kuwa kile, na ingefaa tusubiri vipimo vingine. Hakukasirika. Alisema tu, "Kesho kabla hujakaa kwenye kiti hicho, uwe umeandika jibu. Moja. Na pembeni yake uandike una uhakika kiasi gani."

Nilidhani ni zoezi la siku chache. Nililifanya mwaka mzima, na nikitazama nyuma naona ndilo lililonifanya niwe bingwa wa tawi hili. Slaidi nilizotazama ni nyingi mno, lakini slaidi peke yake zisingenifikisha.

Nirudi nyuma kidogo kwenye uchaguzi, kwa sababu wengi hukwama hapo. Ukishamaliza uzamili wa patholojia, yaani elimu ya kutambua magonjwa kwa kuchunguza tishu na seli, milango ni mingi: ngozi, figo, ini na utumbo, magonjwa ya wanawake, saitolojia, mfumo wa neva, uchunguzi wa vifo, tiba ya damu salama, jenetiki ya molekuli. Muda hutofautiana. Nchini Marekani, kwa mfano, matawi mengi huchukua mwaka 1, na patholojia ya mfumo wa neva miaka 2. Nilichagua damu na tezi za limfu kwa sababu jibu moja huko hujengwa na mashahidi kadhaa: umbo la seli kwenye slaidi, protini zilizo juu ya seli, kromosomu, na jeni. Nilipenda kuona mashahidi hao wakikubaliana. Nilikuja kujifunza zaidi siku walizopingana.

Kwenye usaili niliulizwa mengi, nami nikauliza machache. Ningekuwa naomba nafasi leo, ningeuliza moja kabla ya yote: nani anaitazama slaidi kwanza, mwanafunzi au bingwa? Palipo na jibu la "bingwa", hata pawe na jina kubwa na mashine mpya kiasi gani, mwanafunzi atamaliza mwaka akiwa msikilizaji mzuri. Uliza pia kama unaweza kukaa asubuhi moja wakati majibu yanasainiwa. Asubuhi moja ya namna hiyo ilinionyesha mambo ambayo maelezo yote ya maandishi hayakunionyesha: nani anaruhusiwa kubisha, na bingwa anafanya nini akibishiwa na aliye mdogo wake.

Daftari nililoandikia majibu hayo ya kila siku lilikuwa la kawaida, lenye mistari. Nililigawa safu nne: jibu langu, uhakika wangu kati ya 10, jibu la mwisho, na sababu ya tofauti. Safu ya tatu sikuijaza siku ile ile. Nilisubiri hadi vipimo vyote virudi, na mara nyingine hadi mgonjwa aanze matibabu na tuone mwili wake unaitikiaje. Kuna kurasa ambazo safu hiyo ilikaa tupu miezi miwili.

Kazi ya kila siku ilikuwa kuhesabu. Uboho huhesabiwa seli 500, moja moja, na kila seli lazima uipe jina. Siku moja nilipata blasti 94, yaani asilimia 18.8. Profesa akapata 103, yaani asilimia 20.6. Kwa asiyejua, tofauti ya seli tisa ni kitu gani? Lakini asilimia 20 ndiyo mpaka ambao kwa aina nyingi za ugonjwa unatenganisha leukemia kali ya mieloidi, aina ya saratani ya damu, na hatua iliyo chini yake, na upande wa mpaka anaoangukia mgonjwa unaweza kubadili mazungumzo yote atakayofanya na daktari wake. Nilitahayari, nikijua nimekosea. Profesa akachukua karatasi akanichorea hesabu: ukihesabu seli 500 ukapata asilimia 20, ukweli wenyewe unaweza kuwa popote kati ya takriban 16 na 24. Hakuna kati yetu aliyekosea. Alichonitaka nibadili ni mahali pa kuhesabia. Nilikuwa nimehesabu ukingoni mwa slaidi ambako seli zimetawanyika na kupondeka. Yeye alihesabu kwenye mkia wa vipande vya uboho, mahali seli zilipotandazika vizuri na damu haijazichanganya sana. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika asilimia bila kujiuliza nimehesabu wapi.

Mipaka yenyewe imesogea. Mfumo wa zamani ulioanza mwaka 1976 uliweka mpaka kwenye asilimia 30. Shirika la Afya Duniani likaushusha hadi 20 mwaka 2001. Mwaka 2022 ikatolewa mifumo miwili ya uainishaji inayokwenda sambamba, na mgonjwa mwenye blasti asilimia 12 anaweza kuitwa jina moja na mfumo huu na jina jingine na ule. Tulikubaliana kuandika majina yote mawili kwenye majibu. Naona ni haki ya mgonjwa, kwa sababu daktari atakayempokea huenda anatumia mfumo usio wetu.

Baada ya miezi mitatu nilikaa nikalisoma daftari tangu mwanzo. Nilitarajia makosa yangu yawe kwenye limfoma (saratani za tezi za limfu) adimu ambazo usiku zilinikosesha usingizi. Hayakuwa huko. Kwenye zile nilijipa uhakika wa 4 au 5, nikaomba vipimo, nikafika taratibu. Makosa mabaya yalikuwa kwenye safari nilizojipa 9. Mojawapo ilikuwa tezi ya limfu ya shingo: seli kubwa kubwa zimejaa, nyingine zina viini viwili kama zile za ugonjwa wa Hodgkin, ambao ni aina ya limfoma, sehemu nyingine zimekufa. Niliandika limfoma, 9 kati ya 10. Mgonjwa alikuwa kijana, ana homa na koo limevimba, na tezi zake zilikuwa zimejaa kwa sababu ya virusi vya Epstein-Barr. Habari za homa na koo zilikuwa nyuma ya fomu ya maombi. Sikuwa nimeigeuza.

Siku hiyo Profesa alichukua kalamu yangu, akapiga mstari kwenye ukurasa na kuongeza safu ya tano. Juu yake aliandika: "Unahitajika uhakika kiasi gani?" Akaniuliza, "Ukisema limfoma, nini kitafuata?" Nikasema, kemotherapia. "Na ukisubiri siku nne upate vipimo vya kingamwili na vya virusi, nini kitaharibika?" Nikasema, kwa kijana huyu, hakuna. "Basi hapa 9 haitoshi."

Safu ile ya tano ilinisumbua kuliko zote nne, kwa sababu haijazwi kwa kutazama darubini. Lazima ujue kinachoendelea wodini, dawa gani itaanzishwa, ina madhara gani, na ugonjwa unakwenda kasi kiasi gani. Nilianza kuhudhuria vikao vya wodi ambavyo havikuwa kwenye ratiba yangu. Nilisimama nyuma nikisikiliza madaktari wa damu wakijadili, na mara ya kwanza nikaona majibu yetu yanavyosomwa: daktari anaruka aya zote za maelezo, macho yanatua kwenye mstari wa mwisho. Tangu hapo nikaanza kuandika majibu mstari wa mwisho ukiwa wa kwanza.

Kuna kosa moja ambalo halimo kwenye daftari kwa sababu halikuwa la kutafsiri slaidi, na bado linaniuma. Jioni moja nilipigiwa simu kutoka chumba cha upasuaji: tezi ya limfu imetolewa, ipo mbichi, wanauliza waifanyeje. Nilikuwa nimechoka na sampuli nyingine tatu zilikuwa mbele yangu. Nikawaambia waiweke kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, nitaikuta asubuhi. Ndiyo njia ya kawaida kwa tishu nyingine. Kwa tezi inayoshukiwa limfoma, ni kufunga mlango. Kipande kinatakiwa kibaki kibichi kwenye maji maalumu ya kutunzia seli, ili kipitishwe kwenye mashine ya flosaitometria inayosoma seli moja moja mbele ya mwale wa leza. Kabla ya hapo unakata tezi, unagusisha uso wake kwenye slaidi kavu mara mbili tatu, unatazama papo hapo, ndipo unaamua kipi kiende wapi. Formalini ikishaingia, seli zimeganda na mashine haina la kusoma. Ilikuwa limfoma ya seli ndogo, ya aina ambazo zinafanana mno, na vipimo vya kwenye slaidi havikutosha kuzitenganisha. Mgonjwa ikabidi akatwe tena. Nilikwenda kwa daktari wa upasuaji mwenyewe nikamweleza kwamba maelekezo yalikuwa yangu, kisha nikaomba niwepo alipozungumza na mgonjwa. Mgonjwa aliuliza swali moja tu: je, safari hii mtaipeleka panapotakiwa? Siku ya upasuaji wa pili nilisimama mlangoni na chupa mkononi.

Sasa nieleze slaidi ambazo Profesa alizitoa kabatini. Zilikuwa 20, za miaka iliyopita, majina yamefunikwa kwa karatasi. Kwenye ya sita niliona seli kubwa, viini vimekunjika, saitoplazimu (sehemu ya seli inayozunguka kiini) hafifu isiyo na chembechembe za kuonekana. Niliandika leukemia ya monosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe, 8 kati ya 10. Profesa alisogeza pointa hadi katikati ya kiini kimoja. "Tazama hapa palivyobanwa. Kipepeo." Akasogea kwingine, na kwingine, mbawa mbili kila mahali. Kisha akapekua slaidi polepole, akatafuta dakika nzima, hadi akapata seli moja yenye vijiti vya Auer, vile vijisindano vinavyoonekana ndani ya seli za leukemia, vimelaliana kama mzigo wa kuni. Ilikuwa leukemia ya promielosaiti, yaani ya chembe nyeupe ambazo hazijakomaa, aina ile ambayo chembechembe zake ni ndogo mno kuonekana kwenye darubini ya kawaida.

Ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza na Hillestad wa Norwei mwaka 1957, na kwa miaka mingi uliua watu upesi kwa kutokwa damu, kwa sababu seli zake huvuruga mfumo wa kugandisha damu. Kisha madaktari wa Shanghai wakaonyesha katika miaka ya 1980 kwamba dawa ya ATRA, iliyo jamaa ya vitamini A, inazilazimisha seli hizo zikomae. Leo, ikitumiwa pamoja na aseniki au kemotherapia, wagonjwa wengi hupona kabisa. Wanaokufa, wengi hufa siku za mwanzoni, wakati jibu bado halijatoka. Ndiyo maana dawa huanzishwa kwa kushuku tu, kabla ya jenetiki kuthibitisha. Ikionekana baadaye si wenyewe, inasimamishwa. Kwenye safu ya tano ya slaidi hiyo niliandika 3.

Mwezi wa tisa wa mafunzo, saa nane usiku, simu ikalia. Mtaalamu wa maabara, mama aliyefanya kazi hiyo tangu mimi niko shule ya msingi, alisema, "Daktari, mwanangu, njoo utazame hii. Mashine inasema monosaiti, mimi moyo wangu unakataa." Chembe nyeupe zilikuwa juu sana, chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa chini sana, 18,000 tu. Mgonjwa alikuwa anatoka damu kwenye fizi. Nikakaa. Viini vimekunjika, saitoplazimu hafifu, na kila nilikosogeza niliona kile kibano cha katikati. Nilitafuta vijiti vya Auer kwa muda bila kupata kitu. Nikafungua daftari nikaandika kwanza: leukemia ya promielosaiti, 7 kati ya 10. Nikaangalia safu ya tano, nikanyanyua simu.

Nilimpigia daktari wa damu aliye zamu. Nilimwambia jibu, nikamwambia uhakika wangu, nikamwomba aanzishe ATRA sasa, apime fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, na asichome sindano wala kuweka mpira kwenye mshipa mkubwa bila kurekebisha chembe sahani kwanza. Akauliza, "Una uhakika?" Nikasema, "Saba kati ya kumi, na tatu zinatosha." Akanyamaza kidogo, kisha akasema anakwenda kuandika dawa. Ndipo nikampigia Profesa na kumtumia picha nne. Aliuliza kama nimeshaongea na wodi. Nikasema ndiyo. "Vizuri. Nakuja tuzitazame pamoja."

Alfajiri tuliketi watatu kwenye darubini, yule mama katikati, na ni yeye aliyeviona vijiti, kwenye seli moja karibu na ukingo wa slaidi. Mchana wa siku hiyo kipimo cha jenetiki kiitwacho FISH kikarudi: jeni ya PML na jeni ya RARA zimeungana, alama ya leukemia ya promielosaiti. Nikajaza safu ya tatu. Mgonjwa wakati huo alikuwa ameshameza dozi ya pili.