Nuru, Chembe na usiku wa bafuni

Juzi binti yangu alikuwa anapanga nguo kabatini, akakuta kile kifuko cha flana ya kijani walichokuwa wakilalia shuga glaida wetu, wale wanyama wadogo wa usiku wanaoruka angani toka mti hadi mti. Akakinusa, akakunja uso. "Mama, hiki si cha Nuru?" Nikamwambia ni cha Chembe. Tukabishana kidogo, mwisho tukakubaliana kwamba kilikuwa cha wote wawili. Kisha akauliza, "Hivi wale walipendana, au walizoeana tu?"

Swali hilo halijaniacha.

Dodo, mwenzake Nuru, alipokufa, Nuru alibaki peke yake kwenye kizimba kikubwa. Aliyewahi kufuga shuga glaida anajua uzito wa jambo hilo. Huko porini kwao, Australia na Papua, hulala kundi zima ndani ya tundu moja la mti, na hutambuana kwa harufu wanayopakana wao kwa wao. Mmoja peke yake si maisha yao. Nuru aliacha kuruka. Usiku alibweka kwa sauti yao fupi fupi, akanyamaza kusikiliza, akabweka tena. Nilikuwa naamka, namtia kifuani ndani ya shati, anatulia kidogo. Nikimrudisha, anaanza upya. Alipoanza kujinyonyoa manyoya kwenye shina la mkia, daktari wa wanyama aliniambia bila kuzunguka kwamba glaida aliyeachwa katika upweke anaweza kufikia kujitafuna mwili wake mwenyewe. Mimi, hata ningekesha naye kila usiku, nisingetosha.

Ndipo akaja Chembe. Dume mdogo, ameshahasiwa, ule upara wa utosini ambao madume huwa nao kwenye tezi ya harufu umeanza kufunikwa na manyoya. Karantini ya siku 30 katika chumba kingine, choo chake kikapimwa minyoo, akapita salama. Hayo nayaruka, ingawa naomba asiyaruke mtu yeyote mwenye glaida nyumbani.

Kazi yenyewe ilianza vizimba vilipowekwa ubavu kwa ubavu, vikiachwa nafasi ya kutosha wasiweze kung'atana vidole kupitia nyavu. Glaida hawazoeani kwa macho, wanazoeana kwa pua. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hawajalala, nilibadilisha vifuko: cha Chembe kwa Nuru, cha Nuru kwa Chembe. Mara ya kwanza Nuru alikikaribia kile cha kijani, akakikaripia kana kwamba kuna mtu ndani, akakikojolea, akaenda kulala kwenye kona juu ya mbao. Sikukiosha. Nilikirudisha kwa Chembe kikiwa na mkojo wake, na Chembe akaingia humo akalala. Tuliendelea hivyo wiki baada ya wiki, hadi asubuhi moja nikamkosa Nuru kwenye kona yake. Alikuwa ndani ya kile cha kijani, ncha tu ya mkia ikichungulia nje.

Usiku uliofuata nikaandaa bafu. Nilichagua bafu kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa amewahi kulitia alama ya harufu yake. Nilifunika choo, maana glaida akitumbukia humo hatoki. Nikaziba tundu la maji, nikasokota taulo chini ya mlango, taa nikaiacha hafifu. Nikakaa sakafuni, taulo nyingine nene mkononi. Daktari alikuwa amenieleza: kelele ziache, kufukuzana kuache, lakini wakishikana wakawa donge moja linalobingirika, watenganishe hapo hapo, na usitumie mikono mitupu.

Chembe nilimweka sakafuni kwanza. Akajibana kwenye pembe, masikio yakigeuka huku na huku, kila moja kwa upande wake. Kisha nikafungua kifuko cha Nuru.

Alitoka taratibu, akanyanyua pua, akasimama. Alishajua kuna mtu. Alitembea kwa kufuata ukuta, hatua mbili anasimama, hatua mbili anasimama, hadi wakawa wameachana kiasi cha kiganja. Hapo akasimama kwa miguu ya nyuma, mikono mbele, akafungua kinywa, na ule mlio ukatoka, mkwaruzo mkubwa kama wa mashine ya kuchongea penseli, usioelekea kabisa kutoka kwa mnyama wa gramu 100. Chembe akajibu kwa mlio uleule, wake mwembamba zaidi, akajitupa chali, miguu yote minne juu, kucha zimekunjuliwa. Ngozi yake ya kurukia ilitanda pembeni mwake, na chini yake niliona tumbo likipanda na kushuka kwa kasi.

Nuru akaruka juu yake. Nikainua taulo. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, na nilimsikia binti yangu nje ya mlango akiuliza, "Mama, wanauana?" Sikumjibu. Nilikuwa natazama meno. Nuru alimshika Chembe kichwa kwa mikono miwili, akafungua kinywa, pua yake ikiwa palepale kwenye utosi, kwenye ule upara unaoziba. Akanusa. Akanusa tena, kwa muda mrefu. Mlio wa Chembe ukapungua ukawa kama kukwaruza tu, kisha ukakatika.

Nuru akamwachia. Akageuka, akakaa kwa makalio, akaanza kujichana manyoya kwa mguu wa nyuma, kwa vile vidole viwili vilivyoungana ambavyo kwa glaida ndivyo kitana. Alijichana ubavu wa kushoto, akahamia wa kulia, Chembe bado yuko chali anamtazama. Alipomaliza akamrudia na kumlamba sikio. Mara moja tu. Mimi nikashusha taulo, nikagundua machozi yananitoka.

Kabla ya mapambazuko waliingia wenyewe kwenye kifuko kimoja. Kizimba kikubwa kilikuwa kimesuguliwa chote, kamba na vipando nimevihamisha mahali, ili kisiwe tena cha Nuru peke yake. Waliishi humo pamoja hadi Nuru alipokufa kwa uzee.

Daktari anaamini vile vifuko ndivyo vilivyomaliza kazi: kufikia usiku wa bafuni, Chembe alishanuka kama wa nyumbani. Huenda. Mimi naelekea zaidi kufikiri kwamba Nuru alikuwa amechoka kubweka bila kujibiwa, na angempokea yeyote. Lakini hilo halielezi mengine. Miaka yote alimnyang'anya Chembe viwavi vya unga mkononi, hata vyake vikiwa bado vingi, ikabidi niwawekee bakuli mbili kwenye pembe mbili. Na usiku ule mmoja Chembe alipolazwa kwa daktari kwa ajili ya jino, Nuru alirudia ubwekaji wa zamani, hakugusa chakula, na Chembe aliporudishwa, Nuru alimkaripia kwa ukali uleule wa bafuni, akampanda kichwani, akamnusa utosi, ndipo akala.

Nilimweleza binti yangu haya yote. Yeye anasema huo ni upendo. Mimi bado sijui.