Nilivyodai fidia baada ya dawa za chunusi kunitia ukungu machoni

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Mwanjelwa, Mbeya. Chunusi zilinianza sekondari na nikafika miaka 26 bado ninazo, zile ngumu za ndani zinazoacha makovu. Zahanati moja ya binafsi ikaniandikia isotretinoini. Midomo ilikauka hadi ikapasuka, lakini uso ulianza kusafika. Mwezi wa pili nilirudi kulalamika kwamba vipele vya mgongoni vimegoma, na daktari yule yule akaniongezea antibiotiki iitwayo doksisaiklini. Hakuniambia niache ile ya kwanza. Dawa zote mbili nilizichukua dirisha la pale pale.

Haikupita wiki mbili kichwa kikaanza kuuma tangu alfajiri, na nikilala kinazidi. Masikioni nasikia vuu, vuu, kwa kufuata mapigo ya moyo. Nikiinama kuokota bobini, macho yanaingia giza kwa sekunde kadhaa kisha yanarudi. Ilikuwa Desemba, sare za shule zimejaa mezani, na mimi siwezi kutunga uzi kwenye sindano. Siku moja mtoto aliyekuja kupimwa kaptula ndiye aliyenitungia. Mama yake alinitazama, akasema, "Dada, funga kibanda uende hospitali."

Daktari wa macho alinimulika kwa muda mrefu, kisha akauliza natumia dawa gani. Nikamwaga zote mezani. Alitoa karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la isotretinoini, akaifungua na kuweka kidole kwenye mstari unaokataza kuitumia pamoja na antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini. Doksisaiklini ni ya jamii hiyo. Zikikutana zinaweza kupandisha presha ndani ya fuvu, mshipa wa fahamu wa jicho ukavimba, na ukichelewa unaweza kupofuka. Nikaacha zote siku hiyo hiyo. Nikapigwa picha ya CT ya kichwa, nikaanzishiwa asetazolamaidi, dawa ya kushusha presha hiyo. Ukungu uliisha baada ya wiki saba. Msimu wa sare ukawa umepita.

Kaka yangu alitaka tuishitaki kampuni iliyotengeneza dawa, kwa sababu alisikia Wamarekani wamelipwa mamilioni. Nikakaa nikasoma. Ni kweli kwamba kampuni ya Roche, walioanza kuuza isotretinoini Marekani kwa jina la Accutane mwaka 1982, walishitakiwa na maelfu ya watu waliodai imewaharibu utumbo, na mwaka 2010 baraza la wazee wa mahakama katika jimbo la New Jersey liliamua mtu mmoja alipwe zaidi ya dola milioni 25. Lakini uamuzi ule ulibishaniwa miaka mingi kwenye rufaa, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya New Jersey ilikataa ushahidi wa wataalamu wa walalamikaji, kesi zaidi ya 2,000 zikaanguka. Walishindwa kuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Yangu ilikuwa tofauti kabisa. Onyo lilikuwepo, limechapwa ndani ya boksi; aliyeandika cheti cha dawa ndiye aliyelipita.

Msaidizi wa kisheria wa kata yetu, mama mmoja mtulivu sana, aliniambia nisianze kwa kugombana. Kwanza niombe nakala ya faili langu, ndipo nilalamike. Nawasihi mlio na tatizo kama langu mfuate hatua hiyo, maana faili likishajua linatafutwa linaweza kuchelewa kupatikana. Nikakusanya vyeti vyote viwili vyenye tarehe, risiti, boksi na karatasi yake, barua ya daktari wa macho, na daftari langu la oda lenye kurasa tupu za Desemba na Januari. Alinikumbusha pia kwamba madai ya aina hii yana ukomo wa miaka 3 kisheria. Wakati huo huo nilipeleka taarifa ya madhara kwenye ofisi ya kanda ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hapa hapa Mbeya. Hiyo hailipi fidia, ila inaingia kwenye kumbukumbu za nchi.

Barua yangu ya madai kwa zahanati iliwapa siku 14 za kujibu. Siku ya 11 wakaniita. Msimamizi alianza kwa upole: "Dada yangu, kila dawa ina madhara yake." Nikamwambia, "Sawa kaka, ndiyo maana wakaandika humu," nikamsogezea karatasi. Aliisoma mara mbili. Gharama za matibabu walizikubali bila ubishi. Tulichobishania ni siku za kazi, na daftari la oda ndilo lililonisaidia. Nilipata karibu theluthi mbili ya nilichodai, kwa awamu mbili.

Rasimu ya makubaliano ilikuwa na sentensi kwamba sitatoa taarifa kwa mamlaka yoyote. Nikasema taarifa imeshafika TMDA na siwezi kuikana. Wakatazamana. Msimamizi akachukua kalamu, akaikata sentensi ile kwa mstari mmoja, akaweka sahihi pembeni, nami nikaweka yangu.