Diski ya mashine pepe ikijaa, pima kabla ya kufuta

Seva inapoishiwa nafasi ya diski, malalamiko ya kwanza mara nyingi hayaitaji diski kabisa. Watumiaji husema kwamba mfumo unawaonyesha taarifa za zamani lakini unakataa kuhifadhi mpya, au kwamba faili wanazopakia zinaishia katikati. Na PostgreSQL, yaani programu ya hifadhidata, ikishindwa kuandika ndani ya pg_wal, folda inakorekodi kwanza kila badiliko, inaweza kujizima kabisa. Hali hiyo ilizikuta huduma za mashine pepe moja ya Ubuntu (kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva halisi) ninayoitunza juu ya Proxmox, mfumo unaoendesha mashine za aina hiyo. Ilikuwa imetengewa diski ya GB 60, lakini amri ya `df -h` ilionyesha kwamba mfumo mkuu wa faili umejaa kwa asilimia 100 ilhali ukubwa wake wote haukufika GB 30.

Tofauti hiyo ina sababu inayojulikana, na ninaieleza kwa kirefu kwa kuwa wengi hununua diski kubwa zaidi bila kujua kwamba nusu ya ile waliyo nayo haijawahi kuguswa. Kisakinishi cha Ubuntu Server, ukiukubali mpangilio wake wa kawaida wa LVM (mfumo wa Linux wa kugawa na kupanua nafasi ya diski), hakiupi mfumo mkuu diski yote. Kwa diski za ukubwa wa kati hutoa takribani nusu tu, na sehemu iliyobaki huachwa wazi ndani ya kundi la LVM ili mwenye seva aamue baadaye aitumieje. Andika `vgs` na utazame safu ya VFree: kilichoandikwa pale ni nafasi yako mwenyewe inayosubiri kutumiwa.

Hata hivyo, kupanua kabla ya kujua kilichoijaza diski ni kuahirisha tatizo. Mimi huanza na `du -xh --max-depth=1 /`, kisha naingia folda baada ya folda kuufuata mzigo ulipo. Alama ya x ni muhimu, kwani huizuia amri isivuke kwenda kwenye diski nyingine zilizounganishwa na kukupa hesabu ya kupotosha. Kwenye mashine hii mzigo ulikuwa ndani ya /var/lib/docker, ambako logi (rekodi za matukio) za kontena, yaani programu zinazoendeshwa na Docker zikiwa zimetengwa, hukua bila kikomo usipoweka max-size katika mipangilio ya Docker. Logi za mfumo wenyewe hupunguzwa kwa `journalctl --vacuum-size=200M`, na faili za vifurushi zilizopakuliwa na apt kwa ajili ya usakinishaji huondolewa kwa `apt clean`. Folda ya pg_wal usiiguse kwa mkono kamwe, hata ikiwa ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu kufuta faili zake kunaweza kuiharibu hifadhidata isiweze kuwaka tena.

Kuna nyakati `du` na `df` hazikubaliani, na hapo ndipo watu wengi hukata tamaa. Umefuta logi ya GB 10, faili haionekani tena, lakini nafasi haijarudi. Linux haiachilii nafasi ya faili iliyofutwa maadamu kuna programu ambayo bado imeifungua. Amri ya `lsof +L1` itakutajia programu hiyo, na ukiianzisha upya nafasi hurudi papo hapo. Kwa sababu hiyo, logi inayoendelea kuandikwa ni afadhali uipunguze kwa `truncate -s 0` kuliko kuifuta. Aidha, ukiona nafasi ipo na bado mfumo unadai haipo, jaribu `df -i`: huenda zilizokwisha ni inodi, yaani nafasi za kuorodhesha faili, jambo linalotokea pale programu inapozalisha mamilioni ya faili ndogondogo.

Baada ya usafi huo ndipo nilipopanua, nikiwa nimechukua kwanza nakala rudufu ya mashine nzima. Kwa kuwa nafasi ilikuwa tayari ndani ya kundi la LVM, amri moja ilitosha: `lvextend -r -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`. Herufi r inaagiza mfumo wa faili upanuliwe pamoja na sehemu inayoubeba, na ext4, aina ya mfumo wa faili uliopo hapa, hukubali kupanuliwa huku seva ikiendelea kufanya kazi, kwa hiyo hakuna mtumiaji aliyekatiwa huduma.

Kama kundi la LVM lingekuwa halina akiba, kazi ingeanzia nje na kuingia ndani, tabaka kwa tabaka: kuongeza ukubwa wa diski upande wa Proxmox, kupanua sehemu ya diski kwa `growpart /dev/sda 3`, kuijulisha LVM kwa `pvresize /dev/sda3`, na kumalizia na lvextend ileile. Ukiruka tabaka moja, zilizo ndani yake hazitaona ongezeko lolote, na `lsblk` itakuonyesha mahali ulipokwama. Amri ya growpart pia huhitaji nafasi kidogo ndani ya /tmp, hivyo inaweza kugoma diski ikiwa imejaa kabisa; `mount -t tmpfs -o size=10M tmpfs /tmp` humpatia fundi nafasi ya muda kwenye RAM. Wanaotumia XFS, aina nyingine ya mfumo wa faili, hupanua kwa `xfs_growfs`, nao wasipanue kupita mahitaji, maana mfumo huo haupunguzwi kirahisi ukishakuzwa.

Linabaki suala la upande wa mwenyeji, yaani seva halisi ya Proxmox inayozibeba mashine pepe, ambalo naliona zito kuliko yote. Diski za mashine pepe zikihifadhiwa kwenye LVM-thin, aina ya LVM inayotoa nafasi halisi pale tu inapotumiwa, mwenyeji anaweza kuahidi nafasi kubwa kuliko aliyo nayo, na hifadhi hiyo ikijaa, mashine zote zilizo juu yake hupata hitilafu za kuandika kwa pamoja. Tena faili ulizofuta ndani ya mashine pepe hazimrudishii mwenyeji kitu mpaka chaguo la Discard liwe limewashwa kwenye diski hiyo na `fstrim -av`, amri inayotangaza nafasi iliyoachwa wazi, iwe imeendeshwa ndani. Ubuntu huendesha fstrim yenyewe kila wiki, lakini kazi hiyo haimfikii mwenyeji Discard ikiwa imezimwa, kwa hiyo chaguo hilo sasa nalikagua kwenye kila mashine kabla sijaikabidhi kwa watumiaji.